Jinsi ya Kuchora Mtandao wa Chakula na Kufuatilia Nishati Ndani Yake: Mfano wa Serengeti

Mchoro wa mtandao wa chakula unaochorwa darasani mara nyingi huwa ni orodha tu ya nani anamla nani: nyasi chini, nyumbu katikati, simba juu. Orodha hiyo si ya uongo, lakini haielezi nishati ambayo jani la nyasi limeinasa kutoka kwenye jua inapita wapi, inapungua kwa kiasi gani kila inapohama kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, na hatimaye inatoka vipi katika mfumo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchora mtandao unaoyaonyesha hayo. Mfano unaotumika ni mfumo ikolojia wa Serengeti na Mara, uliopo pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, kwa kuwa umechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60 na takwimu zake nyingi zinajulikana. Mwanafunzi au mwalimu aliye kando ya Ziwa Victoria, katika misitu ya Usambara au kwenye mikoko ya Lamu anaweza kufuata utaratibu uleule kwa viumbe wa mahali pake, na pengine atafanya vizuri zaidi, kwa sababu ataweza kuukagua mchoro wake kwa macho yake mwenyewe.

Niseme mapema ninakoelekea: katika mchoro wa nishati uliochorwa sawasawa, simba ni kisanduku kidogo, na mchwa ni kisanduku kikubwa kuliko wengi wanavyotarajia.

Weka mipaka na msimu

Kabla ya kuchora chochote, amua mchoro unahusu eneo gani na wakati gani wa mwaka. Mfumo wa Serengeti na Mara una takriban kilomita za mraba 25,000, na mvua yake haigawanyiki sawa: nyanda za kusini mashariki hupata milimita 500 hivi kwa mwaka, ilhali upande wa kaskazini magharibi hupata zaidi ya 1,000. Nyanda za kusini zina udongo wa majivu ya volkano, nyasi zake ni fupi na zenye madini mengi, lakini mvua ikikatika hukauka upesi na maji ya kunywa huadimika. Ndiyo sababu nyumbu wapatao milioni 1.3, wakifuatana na pundamilia na swala tomi kwa malaki, huzaa na kunyonyesha kusini wakati wa mvua na kukimbilia kaskazini, hadi ng'ambo ya Mto Mara, wakati wa kiangazi.

Matokeo yake kwa mchoro ni makubwa. Simba wa nyanda za kusini, ambaye mwezi Februari amezungukwa na ndama wa nyumbu wasiohesabika, mwezi Agosti hutegemea ngiri, swala na wanyama wengine wachache wasiohama. Mchoro mmoja wa mwaka mzima huuficha ukweli huo na kumfanya mtu ajiulize bure kwa nini simba hawaongezeki ilhali nyama imejaa. Kwa hiyo chora michoro miwili, mmoja wa msimu wa mvua na mmoja wa kiangazi, ukipanga visanduku vilevile mahali palepale kwenye karatasi ili tofauti ionekane katika mishale peke yake.

Anza na jua

Michoro mingi huanza na nyasi, kana kwamba nishati inazaliwa humo. Anza kwa kuchora jua, kisha vuta mshale kutoka kwake kwenda kwa wazalishaji, yaani nyasi, vichaka na miti, ambao kwa usanisinuru hutumia mwanga kuunganisha maji na kabonidayoksaidi na kupata sukari. Nishati yote itakayopita katika nyumbu, simba, tumbusi na mchwa imeingia kwa mlango huo mmoja.

Mlango wenyewe ni mwembamba mno, na inafaa kuupima. Karibu na ikweta, mita moja ya mraba hupokea takriban kilojuli 20,000 (kilojuli ni kipimo cha nishati) za mwanga wa jua kwa siku, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya kilojuli milioni 7. Tuchukulie kwamba mita hiyo inaotesha gramu 500 za majani makavu kwa mwaka, kiasi kinachowezekana kabisa katika mbuga. Gramu moja ya majani makavu ina takriban kilojuli 17, kwa hiyo zao lote la mwaka ni kilojuli 8,500. Hata ukiongeza mizizi, ambayo inaweza kulingana na majani kwa uzito au kuyazidi, bado unabaki chini ya asilimia 1 ya mwanga uliopokelewa. Sehemu kubwa ya mwanga ni ya aina ambayo mmea hauwezi kuitumia, sehemu huangukia udongo mtupu au majani yaliyokauka, na sehemu ya sukari iliyotengenezwa huunguzwa na mmea wenyewe kwa ajili ya kuishi.

Kazi hii inaweza kufanyika hata katika uwanja wa shule. Tengeneza fremu ya mbao au kamba yenye sentimita 50 kila upande, iweke juu ya nyasi, kata kila kilichomo hadi usawa wa ardhi, kausha majani juani na kisha katika joto la wastani mpaka uzito usibadilike tena, pima, zidisha kwa 4 ili upate gramu kwa mita ya mraba, halafu zidisha kwa 17 ili upate kilojuli. Kama kuna mbuzi au ng'ombe wanaochunga hapo, funika sehemu nyingine ya jirani kwa kizimba cha waya kwa majuma kadhaa. Tofauti ya uzito kati ya nyasi za ndani na za nje ya kizimba itakuonyesha kiasi kilichokwisha kuliwa, ambacho fremu peke yake haiwezi kukionyesha.

Njia hiyo ya vizimba ndiyo aliyoitumia mwanaikolojia wa Kimarekani Samuel McNaughton katika Serengeti, na matokeo yake yanastahili kukaa kwenye mchoro wako. Aligundua kwamba wanyama walikula kati ya asilimia 17 na asilimia 94 ya majani yaliyoota, kutegemea mahali, na wastani ulikuwa asilimia 66. Kiwango hicho ni cha juu isivyo kawaida. Katika misitu mingi wanyama wanaokula majani hawafikishi hata sehemu moja ya kumi, na majani yaliyobaki huanguka na kuozeshwa bila kupita tumboni mwa mnyama mkubwa yeyote. Anayechora mtandao wa msitu kwa kuiga ule wa Serengeti atakuwa ameupa mshale wa wala majani unene usio wake.

Mishale: uelekeo kwanza, unene baadaye

Mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Kosa la kuugeuza ni la kawaida mno katika madaftari, na dawa yake ni kuanza na jua: ukishavuta mshale kutoka jua kwenda kwenye nyasi, hutaweza kuuelekeza wa nyumbu kinyume bila kuona kwamba mikondo miwili inagongana.

Sasa weka walaji wa ngazi ya kwanza, lakini usiwarundike pamoja. Pundamilia hutangulia na kula mashina marefu na magumu, nyumbu hufuata na kula majani yaliyo chini yake, na swala tomi hula machipukizi mafupi yanayobaki au yanayoota baada ya wakubwa kupita. Hapo kuna mishale mitatu kutoka kisanduku kimoja cha nyasi, na kila mmoja una wakati wake. Ongeza panzi, panya na mchwa, wanaokula nyasi hizohizo bila kupigwa picha na watalii. Panzi na viwavijeshi wanastahili mshale mmoja wa ziada unaotoka nje ya mipaka ya mchoro: korongo weupe huja kutoka Ulaya kukaa kwenye mbuga za Afrika Mashariki, hula wadudu hao, kisha huondoka na sehemu ndogo ya nishati ya nyasi za Serengeti ikiwa mafuta ya safari chini ya ngozi zao.

Kutoka nyasi vuta pia mshale kwenda kwenye moto. Moto hauli kama mnyama anavyokula, lakini hufanya jambo lilelile kwa haraka zaidi, yaani huigeuza nishati iliyomo kwenye jani kuwa joto. Nyasi iliyoungua haitapita tumboni mwa yeyote.

Gawanya kile nyumbu alichokula

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nayo ndiyo yenye maelezo ya mengine yote. Chukua kilojuli 10,000 za nyasi ambazo nyumbu amezimeza, na uzigawe kwa makadirio yanayolingana na wanyama wanaocheua. Takriban 4,500 hutoka kama kinyesi, kwa kuwa nyuzi za nyasi ni ngumu na hata tumbo lenye vyumba vinne haliwezi kuzivunja zote. Kiasi cha 700 hupotea katika mkojo na katika gesi ya methani ambayo bakteria wa tumboni huitoa na mnyama huicheua hewani. Kwa makadirio hayo, 4,600 nyingine huunguzwa katika chembe za mwili ili moyo upige, miguu itembee na mwili ubaki na joto lake usiku na mchana, na zote hizo huishia kuwa joto linalotoka hewani. Kinachobaki ni kilojuli 200 hivi, yaani asilimia 2, na hicho tu ndicho kinachokuwa nyama, mafuta, mifupa na ndama. Mlaji wa ngazi inayofuata hana kingine cha kula.

Wengi wamefundishwa kwamba asilimia 10 ya nishati hupita kutoka ngazi moja ya ulaji kwenda nyingine. Fikra hiyo ina mizizi katika kazi ya Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota na kuchapisha matokeo yake mwaka 1942, na kama wastani wa kuanzia haina ubaya. Lakini ziwa lile lilijaa viumbe wenye damu baridi, ambao hawatumii chakula kuupasha mwili joto. Samaki anaweza kugeuza sehemu moja ya kumi ya nishati aliyoisharabu kuwa mwili mpya, na wadudu wengine hufikia hata asilimia 40, ilhali mamalia kwa kawaida hupata asilimia 1 hadi 3. Ukiitumia asilimia 10 kwa nyumbu na simba, utakuwa umewapa simba nyama mara kadhaa zaidi ya ile iliyopo. Afadhali kuandika kwenye kila kisanduku aina ya mnyama, kama ana damu moto au baridi, na kukadiria kutokana na hilo.

Mgawanyo huu pia unakuelekeza namna ya kuchora unene wa mishale. Kutoka kisanduku cha nyumbu lazima itoke mishale mitatu: mnene wa joto unaokwenda nje ya mchoro, mnene wa kinyesi unaokwenda kwa waozeshaji (viumbe wanaoozesha mabaki, kama bakteria na kuvu), na mwembamba sana wa nyama.

Wala nyama na hesabu yao

Serengeti ina simba wapatao 3,000. Ukichukua wastani wa kilo 120 kwa kila simba, wakubwa kwa wadogo, uzito wao wote ni tani 360. Nyumbu milioni 1.3, kwa wastani wa kilo hizohizo 120, ni tani 156,000, zaidi ya mara 400. Mwaka 2002 watafiti Chris Carbone na John Gittleman walilinganisha spishi nyingi za wanyama wala nyama duniani na kuona kwamba kila kilo 10,000 za mawindo hubeba takriban kilo 90 za spishi moja ya wawindaji. Kwa nyumbu peke yao, simba wa Serengeti hawafikishi hata kilo 25 kwa kila kilo 10,000. Pengo hilo linaelezeka ukirejea ule mchoro wa kiangazi: simba hulinda eneo lake na watoto wake hawawezi kusafiri na nyumbu, kwa hiyo idadi yake hupangwa na miezi ya njaa, si ya neema.

Fisi madoa humzidi simba kwa idadi. Mpe mshale wake kutoka kwa nyumbu walio hai, kwa maana sehemu kubwa ya chakula chake huiwinda mwenyewe, na si mara chache simba ndiye anayempora. Kutoka makao yake anaweza kusafiri makumi ya kilomita kuwafuata nyumbu na kurudi kunyonyesha, jambo ambalo simba hawezi. Chui, duma, mbwa mwitu na mbweha waweke kwa ufupi, kila mmoja na mawindo yake makuu. Mishale yao ni myembamba na haitabadilisha umbo la mchoro.

Njia ya wafu na ya kinyesi

Wanafunzi wengi huweka waozeshaji pembeni mwa karatasi, katika kisanduku kimoja chenye mshale mmoja. Katika Serengeti utaratibu huo hauwezi kuwa sahihi. Mwaka 1999 Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn walionyesha, kwa takwimu za miaka 40, kwamba kinachotawala idadi ya nyumbu ni chakula: takriban robo tatu ya vifo vilitokana na lishe duni, hasa mwishoni mwa kiangazi, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyokwenda zaidi kwa wawindaji. Kwa hiyo mshale kutoka kwa nyumbu kwenda kwenye mizoga ni mnene kuliko ule unaokwenda kwa simba. Kutoka mizoga chora mishale kwa tumbusi, ambao hupaa juu kwa hewa moto bila kutumia nguvu nyingi na hivyo kuweza kuifuata mizoga ya wanyama wanaohama, kisha kwa fisi, mabuu ya nzi, bakteria na kuvu.

Kinyesi nacho kina wenyewe. Dundu wanaoviringisha mavi huyafukia ardhini kuwalisha watoto wao, na mchwa huyabeba pamoja na nyasi kavu hadi kwenye vichuguu, ambamo baadhi ya spishi hupanda kuvu na kuiachia kuvu ivunje nyuzi ambazo nyumbu alishindwa nazo. Kutoka kwa mchwa mtandao hupanda tena: bweha masikio na muhanga huishi hasa kwa mchwa, na ndege wengi huwajia mchwa wanaporuka baada ya mvua ya kwanza. Bweha masikio ni mfano ninaoupenda wa kuwapa wanafunzi, kwa sababu ni mnyama wa jamii ya mbwa ambaye nishati yake inatokana na nyasi zilizokufa, na hakai vizuri kwenye ngazi yoyote ya piramidi ya chakula iliyochorwa kwa haraka.

Hapa tenganisha rangi. Tumia rangi moja kwa nishati na nyingine kwa virutubisho kama nitrojeni na fosforasi. Mishale ya virutubisho hurudi kwenye udongo na kupanda tena katika nyasi. Mishale ya nishati hairudi kamwe: kila kisanduku, hata cha bakteria, lazima kiwe na mshale wa joto unaotoka nje, na hakuna mmea unaoweza kutengeneza sukari kwa joto hilo. Mchoro wenye mshale wa nishati kutoka kwa waozeshaji kwenda kwenye nyasi una kosa la msingi, hata kama mengine yote ni sahihi.

Mto Mara, pale mitandao miwili inapokutana

Karibu kila mwaka nyumbu huzama kwa wingi wanapovuka Mto Mara. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za matukio hayo, wakiongozwa na Amanda Subalusky, walikadiria mwaka 2017 kwamba kwa wastani zaidi ya nyumbu 6,000 huzama kwa mwaka, sawa na tani 1,100 za miili. Mamba, ambao ndio hutajwa kwanza, hula kidogo tu ya hicho, kwa kuwa mnyama mwenye damu baridi hushiba upesi na huweza kukaa muda mrefu bila kula. Sehemu kubwa ya nyama huozea majini ndani ya majuma machache na kuwafikia samaki, wadudu wa majini na bakteria, na mifupa huendelea kuachia fosforasi kwa takriban miaka 7.

Viboko hufanya kazi hiyohiyo kila siku, bila kufa. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hukaa mtoni, na viboko zaidi ya 4,000 wa Mara hutia majini takriban tani 36 za kinyesi kibichi kwa siku. Katika mchoro wako, mto uwe na mishale minene miwili inayoingia kutoka nchi kavu, na mwembamba kutoka mwani wake wenyewe pale maji yalipo na tope. Samaki wa Mara kwa sehemu fulani ni mlaji wa nyasi za Serengeti, ingawa hajawahi kuziona.

Ujaribu mchoro kwa kuondoa na kurudisha kisanduku

Mchoro uliokamilika unapaswa kukuwezesha kutabiri, na Serengeti ina jaribio lililokwisha kutokea. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki kupitia mifugo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, uliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi, na kwa miongo mingi baadaye uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Chanjo ya ng'ombe ilipoenea katika miaka ya 1950 na 1960, ugonjwa ulitoweka pia miongoni mwa nyumbu kufikia mwaka 1963. Nyumbu, waliokuwa takriban 260,000 mwaka 1961, walifikia milioni 1.4 mwaka 1977.

Kabla ya kusoma sentensi inayofuata, funika maandishi na ufuate mishale yako: nyumbu wakiongezeka mara tano, nyasi zinakwenda wapi? Kilichotokea ni kwamba nyasi nyingi zaidi zililiwa na chache zikabaki kukauka, moto ukapungua, miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua, na miti ikaongezeka. Simba na fisi nao waliongezeka, lakini si mara tano, kwa sababu ya miezi ile ya kiangazi. Kama mchoro wako umekuongoza hadi kwenye miti kwa kupitia moto, mishale yake imekaa vizuri. Kama umeishia kwa simba tu, rudi kwenye kisanduku cha nyasi uone ni mshale gani uliusahau. Kisha rudia jaribio kwa kuondoa mchwa, halafu tumbusi, ukiandika kila mara ni visanduku vipi vimekosa chanzo na ni nishati ipi imebaki bila mlaji.